Kuachwa Huru na Kuwa Huru: Funzo la Amri ya 1897

Kila mwaka, tunapofika kwenye somo la utumwa katika historia ya nchi yetu, swali moja huulizwa na wanafunzi wa siasa, na mara nyingi huulizwa kwa hasira. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamud bin Muhammed wa Zanzibar alitia saini amri iliyouondolea utumwa nguvu ya sheria katika Unguja na Pemba. Tangu siku hiyo mtumwa aliweza kwenda mahakamani na kutoka akiwa si mali ya mtu. Lakini wengi hawakwenda. Miaka ikapita, na maelfu wakabaki katika mashamba yale yale ya karafuu, chini ya mabwana wale wale. Mwanafunzi anauliza: watu hawa walikuwa wamepumbazwa kiasi gani? Mtu akifunguliwa mlango wa kifungo chake, kwa nini asitoke?

Maofisa wa Kiingereza wa wakati ule walikuwa na jibu lao tayari. Walisema mtumwa wa Unguja anatendewa vyema, ameridhika, hana haja na uhuru. Jibu hilo lilimfaa mkoloni, maana lilimwondolea lawama. Baadhi ya wanafunzi wetu wana jibu jingine: kwamba utumwa ulikuwa umekwisha kuingia katika fikra za watu, wakawa hawawezi tena kuutamani uhuru.

Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kwamba majibu yote mawili ni makosa, kwa kuwa yote mawili yanachanganya kuachwa huru na kuwa huru. Mtumwa aliyebaki shambani hakuukataa uhuru. Aliupima uhuru aliokuwa akipewa, akaona kipimo hakijai.

Maneno mawili

Tuanze na maneno, kwa sababu mkanganyiko wa maneno huzaa mkanganyiko wa vitendo. Waingereza, walioiandaa amri ile, wana maneno mawili kwa jambo ambalo sisi kwa kawaida tunaliita uhuru. Moja lina asili ya Kilatini, na kiini chake ni hali ya mtu asiye chini ya bwana: hakuna anayemzuia. La pili ni la asili ya lugha yao wenyewe, na wataalamu wa lugha wanaliweka katika ukoo mmoja na neno lao la rafiki. Kiini chake cha kale ni hali ya mtu anayehesabiwa kuwa mmoja wa jamaa. Neno la kwanza linaeleza kamba iliyokatwa. La pili linaeleza mahali mtu anapokaa baada ya kamba kukatwa.

Kiswahili nacho hakikupungukiwa. Watu wa pwani walisema mtumwa ameachwa huru, na neno hilo huru, lenye asili ya Kiarabu, lilimtaja mtu aliyetoka katika miliki ya mwenzake. Lakini kinyume halisi cha mtumwa, katika vinywa vya watu, kilikuwa mwungwana. Mwungwana alikuwa mtu mwenye ukoo unaojulikana, mwenye nafasi yake barazani, mwenye neno linalosikilizwa na heshima inayolindwa. Mtu aliweza kuachwa huru asubuhi, na jioni akawa bado si mwungwana.

Hapana budi tuseme pia kwamba uungwana wa zama zile ulikuwa neno la kitabaka. Wenye mali walilitumia kuwadharau wavuja jasho. Lakini walionyimwa uungwana walitambua lililokuwa na thamani ndani yake, wakalidai liwe lao pia. Historia ya Zanzibar kati ya 1897 na 1964, kwa sehemu kubwa, ni historia ya watu walioachwa huru wakipigania kuwa waungwana.

Uchumi wa karafuu

Utumwa wa Unguja na Pemba haukuwa tabia mbaya ya watu fulani. Ulikuwa njia ya uzalishaji mali. Karafuu ilianza kupandwa mwanzoni mwa karne ya 19 na ikaenea sana chini ya utawala wa Said bin Sultan. Palizi, uchumaji na uanikaji vilitaka mikono mingi, na mikono hiyo ilitekwa bara, hasa pande za Ziwa Nyasa, ikasafirishwa hadi pwani na kuvushwa kwa majahazi. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa mzalishaji mkuu. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash bin Said alilazimishwa na Waingereza kutia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko yao, likiwamo lile la Mkunazini. Soko lilifungwa. Mashamba hayakufungwa.

Wenye watumwa hawakuwa wa rangi moja. Waarabu wenye mashamba makubwa ndio waliokuwa tabaka tawala, lakini walikuwako pia Waswahili na Waafrika wengine waliomiliki watu. Unyonyaji hauna rangi, na mwanafunzi wa siasa anayeisoma historia hii kwa jicho la rangi atakosa kuuona mfumo wenyewe.

Tuangalie hali ya mtumwa wa shamba. Kwa desturi alifanya kazi ya bwana wake siku tano kwa juma. Alhamisi na Ijumaa zilikuwa zake, na siku hizo alilima konde aliloonyeshwa, akapanda muhogo na mtama. Mjini, mtumwa aliweza kukodishwa kwa kazi za kutwa, na sehemu ya ujira wake ikaenda kwa bwana. Neno kibarua lenyewe limetokana na kijikaratasi alichopewa mfanyakazi wa namna hiyo. Mtu huyu hakuwa na kitu chochote kwa haki. Lakini kwa mazoea alikuwa na vitu vichache: kibanda, konde, siku mbili za juma, na bwana ambaye kwa manufaa yake mwenyewe angemsemea mbele ya wakubwa. Tukisahau vitu hivyo vichache, hatutaielewa hesabu aliyoifanya mwaka 1897.

Amri ilisema nini

Wengi wetu tumefundishwa kwamba mwaka 1897 utumwa ulikomeshwa Zanzibar. Amri yenyewe haikusema hivyo. Ilisema kwamba mahakama hazitasikiliza tena dai lolote juu ya mwili, kazi au mali ya mtu kwa sababu tu kwamba mtu huyo ni mtumwa. Maana yake, mtumwa hakuachwa huru na amri. Aliruhusiwa kwenda mwenyewe mbele ya mahakama ya wilaya kuomba atambuliwe kuwa huru. Asipokwenda, aliendelea kuwa kama alivyokuwa.

Na akienda, alikutana na masharti.

Kwanza, aliyelipwa fidia alikuwa bwana. Serikali ilimlipa mwenye kuthibitisha kwamba amepoteza mtumwa aliyemmiliki kwa sheria za zamani. Aliyenyang'anywa miaka ya maisha yake hakulipwa hata senti moja.

Pili, aliyetambuliwa kuwa huru alipaswa kulipa kodi yoyote au kufanya kazi yoyote ya lazima ambayo serikali ingeona vema kuwatoza raia wake.

Tatu, alitakiwa kuonyesha kwamba ana makazi ya kudumu na njia ya kujipatia riziki. Akishindwa, angetangazwa kuwa mzururaji.

Nne, kama makazi yake yako juu ya ardhi ya mtu mwingine, ilimbidi kumlipa mwenye ardhi kodi, na kodi hiyo iliweza kulipwa kwa kazi au kwa mazao, kwa mapatano yaliyofanywa mbele ya mahakama. Na ardhi ya mikarafuu ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya mabwana.

Tano, masuria hawakuingizwa katika haki hiyo. Walihesabiwa kama wake, na waliweza kudai kutoka kwa sababu ya kutendewa ukatili tu. Masuria na watumwa waliosalia walifikiwa na sheria mwaka 1909, miaka 12 baadaye.

Wananadharia wetu wanapaswa kuyasoma masharti haya kwa makini. Amri ilikata kamba moja, kisha ikafunga nyingine. Sir Arthur Hardinge, mwakilishi wa Uingereza aliyesimamia jambo hili, hakutaka watumwa waondoke shambani. Ushuru wa karafuu ulikuwa mhimili wa mapato ya serikali, na mikarafuu haijipalilii. Kilichotakiwa ni mtumwa aache kuitwa mtumwa, ili watu wa London waridhike, lakini jembe lisitue chini.

Hesabu ya mtumwa

Sasa tumrudie yule mtumwa, na tuifanye naye hesabu yake.

Akienda mahakamani atapata hati. Akishapata hati, konde si lake tena hata kwa mazoea. Kibanda kiko juu ya ardhi ya bwana. Hana jamaa Unguja, maana jamaa zake wako nyuma ya Ziwa Nyasa, au amezaliwa hapa hapa na hajui kwao ni wapi. Akilala njiani, ni mzururaji. Akirudi shambani, atafanya mapatano mapya na yule yule aliyekuwa bwana wake: akae, alime chakula chini ya mikarafuu, na badala yake atoe siku za kazi, kwa kawaida siku tatu kwa juma.

Kutoka siku tano hadi siku tatu ni hatua, na hatuna haki ya kuidharau. Siku mbili za juma ni maisha ya mtu. Hapakuwa tena na kuuzwa. Hata wale ambao hawakwenda mahakamani waliinufaikia amri kwa kuitumia kama silaha: bwana alijua kwamba akizidisha ukali, mtu wake ana mahali pa kwenda. Walikuwako waliohamia kwa mwenye shamba mwingine. Walikuwako walioingia mjini wakawa vibarua, wapagazi na mafundi. Wengi walikataa kazi ya palizi, iliyonuka utumwa kuliko kazi zote, lakini wakati wa mavuno wakaja kuchuma kwa ujira wa pishi, kwa sababu huo ulikuwa ujira wao wenyewe. Wenye mashamba ikawabidi kukodi Wanyamwezi kutoka bara ili wapaliliwe. Hayo si matendo ya watu waliopumbazwa. Ni matendo ya tabaka linalojua thamani ya kazi yake.

Lakini ardhi ilibaki pale pale. Aliyekuwa mtumwa akawa mkaazi wa shamba la mwingine. Aliruhusiwa kupanda muhogo, hakuruhusiwa kupanda mti wa kudumu, maana mti hudai miliki. Mtu asiyeruhusiwa kupanda mnazi anaambiwa kwa vitendo kwamba hapa si kwake.

Jambo hili halikutokea Zanzibar peke yake. Katika pwani ya Kenya sheria ya utumwa iliondolewa mwaka 1907, na mwaka uliofuata ikaja sheria ya kuandikisha hati za ardhi iliyowapa nguvu wale waliokuwa na madai ya miliki. Aliyeachwa huru mwaka mmoja akajikuta mwaka wa pili ni skwota, na tatizo la maskwota wa pwani limeingia hadi karne yetu hii. Huko Marekani, Januari 1865, Jenerali Sherman aliagiza familia za watumwa walioachwa huru zigawiwe ardhi ya pwani ya kusini, isiyozidi eka 40 kila moja. Kabla mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson aliamuru ardhi hiyo irudishwe kwa wenyewe wa zamani, na majimbo ya kusini yakaanza kutunga sheria za uzururaji. Bahari ni tofauti, maji ni yale yale: popote tabaka la wanyonyaji linapolazimika kumwacha mtu, hujitahidi kubaki na ardhi.

Kuudai uungwana

Watu walioachwa huru hawakukaa kusubiri amri nyingine. Waliudai uungwana kwa njia walizoziweza, na nyingine zilikuwa njia ambazo sisi wana-siasa huzipuuza.

Fikiria mavazi. Chini ya utumwa, mtumwa mwanamume alijulikana kwa merikani yake, na mwanamke kwa kaniki. Kuvaa viatu, au kufunika kichwa mbele ya waungwana, lilikuwa kosa. Baada ya utumwa kuondolewa, wanawake wa Ng'ambo waliziacha kaniki wakajifunga kanga za rangi, wakavaa buibui. Wanaume wakavaa kanzu na kofia. Wako wasomi waliocheka wakasema huku ni kuiga mabwana. Tuseme wazi: mtu aliyekatazwa viatu, siku anapovaa viatu anasema neno la kisiasa.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, mtoto wa wazazi wenye asili ya utumwa. Akaingia mjini mwaka 1911, akaimba taarabu kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Sauti iliyozaliwa chini kabisa katika ngazi ya jamii ilisikilizwa katika majumba ya wakubwa na katika vibanda vya Ng'ambo vilevile. Mwaka huo huo wa 1928 watu wa Ng'ambo, wanawake wengi miongoni mwao, waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea vibanda vyao. Nguo, wimbo na mgomo vilidai kitu kimoja: sisi ni wenyeji, mtuhesabu.

Kutoka bendera hadi eka tatu

Udhaifu wa uhuru usio na ardhi ulidhihirika kabisa katika siasa za miaka ya 1950. Februari 1957 Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi ziliungana na kuzaa Afro-Shirazi. Julai mwaka huo ulifanyika uchaguzi wa kwanza. Kura ilikuwa siri, ubaguzi haukuwa siri. Baada ya uchaguzi, wenye mashamba wengi waliwafukuza wakaazi wa mashamba yao kwa sababu za kisiasa. Hapa somo letu liko wazi kama mchana: mkaazi alikuwa na haki ya kupiga kura, na mwenye shamba alikuwa na haki ya kumfukuza. Haki mbili zikakutana, na aliyekuwa na ardhi akashinda.

Tarehe 10 Desemba 1963 bendera ya Uingereza iliteremshwa. Mkoloni aliondoka, lakini usultani na mashamba vilibaki kama vilivyokuwa. Wananchi walio wengi waliachwa huru kwa mara ya pili. Mwezi mmoja na siku mbili baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakatokea Mapinduzi. Watu walipoteza maisha na wengine walipoteza nchi yao, na haitusaidii kulificha hilo. Lakini ni Mapinduzi yaliyoligusa jambo ambalo amri ya 1897 ililizunguka. Machi 1964 ardhi ikatangazwa kuwa mali ya umma, na katika miaka iliyofuata familia zisizokuwa na ardhi zikagawiwa eka tatu tatu. Mjukuu wa mtumwa akapanda mti, na hakuna aliyemwambia aung'oe.

Tujikosoe

Kama makala haya yangeishia hapa, yangewafurahisha wasomaji, lakini yasingewafundisha. Chama cha kimapinduzi hujipima kwa kipimo kile kile kinachompimia mkoloni.

Aliyepewa eka tatu alipata ardhi. Je, alipata sauti? Katika miaka ya 1970 bei ya karafuu katika soko la dunia ilipanda sana, hasa kwa mahitaji ya Indonesia. Mkulima alilazimika kuiuzia dola peke yake, na kilichomfikia kilikuwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Aliyejaribu kuvusha karafuu kwa magendo alikabiliwa na adhabu kali. Fedha zile zilijenga mambo ya maana, zikiwamo nyumba na huduma za jamii. Lakini mkulima hakuulizwa. Alikuwa na mti, hakuwa na neno juu ya tunda lake.

Kwa upande wa Bara, mwaka 1983 ilipitishwa sheria iliyojulikana kwa jina la Nguvu Kazi. Nia yake ilikuwa njema: kila mwenye uwezo afanye kazi. Lakini katika utekelezaji, watu wa Dar es Salaam walioshindwa kuonyesha kitambulisho walikamatwa na kupakiwa magari, wakapelekwa vijijini, na miongoni mwao walikuwamo wachuuzi waliokuwa wakifanya kazi kila siku ya Mungu. Walikamatwa kwa jina gani? Mzururaji. Neno la kifungu cha 1897 lilitoka vinywani mwa viongozi wa wafanyakazi na wakulima, karibu miaka 90 baadaye, na wengi wetu hatukushtuka.

Makosa haya mawili yanatufundisha upande wa pili wa jambo. Anayeachwa huru bila ardhi wala nyenzo hayuko huru. Na anayepewa ardhi na nyenzo bila sauti hayuko huru pia, kwa maana kilichotolewa na mkubwa chaweza kurudishwa na mkubwa.

Tangu siasa ya uchumi ilegezwe katikati ya miaka ya 1980, lipo neno linalosikika kila mahali: huria. Kijana anaambiwa yuko huru kujiajiri, hakuna anayemzuia. Ni kweli, hakuna anayemzuia. Lakini kama hana ardhi, hana mtaji, hana ufundi, na pikipiki anayoiendesha ni ya mtu anayemdai hesabu kila jioni, basi uhuru wake umekatwa kwa kitambaa kile kile cha 1897. Kiongozi anayemwona kijana huyo akasema ni mvivu anarudia jibu la maofisa wa Hardinge.

Hitimisho

Turudi kwenye swali la mwanafunzi. Mlango ulifunguliwa, kwa nini wasitoke? Jibu ni kwamba waliuliza kwanza mlango huo unatokea wapi. Walipoona unatokea kwenye ardhi ya bwana, wakabaki, wakapunguza siku za kazi, wakabadili nguo, wakagoma, wakaungana, hadi walipoibadilisha ardhi yenyewe. Walijua tofauti ya kuachwa huru na kuwa huru vizuri kuliko walioiandika amri.

Wajibu wa kada, kila anapoambiwa kwamba wananchi wa mahali fulani wamepewa uhuru wa jambo fulani, ni kuuliza maswali matatu. Wanasimama juu ya ardhi ya nani? Nani anapanga bei ya jasho lao? Na wakisema hapana, watalala wapi usiku huo? Akipata majibu, ndipo ajue kama watu hao wako huru au wameachwa tu.